Vibamba vya Mama Rejeta

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii imekukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na kazi ya dukani inakwenda. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yagome, simu imekuwa kupigiana kelele tu: mimi nauliza habari za mgongo, wewe unajibu kwamba mlango umeshatengenezwa. Bora tuandikiane.

Nina shida, na usinicheke. Hapa dukani tunaunda kompyuta za watu wanaocheza michezo mizito. Ndani yake kuna kadi ya michoro, ndiyo inayochora picha zote unazoona kwenye kioo. Kiwandani wameipangia mwendo wake, lakini mtu mjuzi anaweza kuilazimisha ikimbie zaidi. Ikikimbia inachemka, na ikichemka inajizima. Feni hazitoshi. Wajuzi wanaipoza kwa maji: kibamba cha shaba kinalala juu ya kadi, maji yanapita ndani yake, yanabeba joto hadi kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Rejeta, Mama! Nimeikimbia karakana yako miaka sita, nayo imenifuata hadi mezani.

Nimejitengenezea wa kwangu huo mtambo. Rejeta ya pikipiki, kibamba cha shaba nilichokiokota dukani, na pampu ndogo. Haikutimia hata wiki tatu maji yakawa kama yale ya kuoshea mchele, na kadi inapanda hadi nyuzi themanini na tatu. Mwezi wa sita kuna mashindano ya kukimbiza kadi, na nimeshajiandikisha. Nimekosea wapi?

Mwanao,
Kitindamimba


15 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujahama. Dada yako anakusalimu. Yuko hospitali siku nzima, kwa kazi na si kwa ugonjwa, tushukuru.

Umesema nisicheke. Nimecheka mpaka Fundi Betri wa jirani akaacha mteja akaja kuuliza nani kafa. Mwanangu, rejeta ya pikipiki ni alumini. Kibamba chako ni shaba. Nani alikwambia uvitie kwenye maji mamoja? Shaba itamla mwenzake kidogo kidogo, na huo ukungu unaouona ndio makombo ya mlo. Jambo hilo ulipaswa kulijua una miaka kumi, lakini ulikuwa ukijificha nyuma ya mapipa ya mafuta na vitabu vyako vya katuni. Marehemu baba yako akisema, "Mwache, huyu ni wa kalamu." Haya, kalamu imekwama, sasa unamtafuta mwenye nyundo.

Sikiliza. Rejeta hiyo itupe. Ninayo moja ya shaba, ndogo, ya hita ya gari kuukuu, inakutosha. Maji ya bomba usitie, tia maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi. Pampu ikae chini kuliko tangi la maji, vinginevyo itameza hewa na kukohoa. Ukishajaza, inamisha rejeta huku na huku kama unavyomcheulisha mtoto mchanga, hadi mapovu yote yatoke.

Na hicho kibamba ulichookota sikiamini. Nikatie karatasi ngumu yenye ukubwa sawasawa na huo moyo wa kadi, uoneshe matundu ya skrubu, unitumie. Siahidi kitu. Nitaangalia tu.

Mama yako


2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na salamu kwa Dada na kwa Fundi Betri. Mwambie sijafa.

Karatasi hii hapa. Nimepima mara tatu. Sehemu niliyoipaka wino ndiyo inayochemka, ni ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Rejeta ya hita imefika na basi, ahsante. Wenzangu hapa hawajawahi kuona kitu kizito hivyo kwenye kompyuta, wanauliza kama nimeing'oa kwenye treni.

Mwanao,
Kitindamimba


29 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mvua imeanza na wateja wamepungua, maana gari halichemki kukiwa na baridi.

Kibamba kimo ndani ya hilo kopo la maziwa ya unga. Kifungue taratibu. Nilidhani ni kazi ya siku mbili, imenila wiki tatu. Ndani yake nimekata mifereji arobaini na mmoja kwa msumeno wa sonara, mmoja mmoja, kila mfereji mwembamba kuliko ukucha wako. Mingi na myembamba, ndipo maji yanapata pa kulamba joto. Ukikata michache na mipana maji yanapita kama mtu asiyetaka salamu. Uso wa chini nimeusugua na msasa juu ya kioo hadi nikajiona ndani yake. Nimezeeka, wala hamkuniambia.

Kifuniko nimekilehemu mwenyewe. Nilifunga dirisha na mlango, kwa sababu upepo ukipiga, risasi ya kulehemu inapoa kabla haijashika, na kazi ndogo kama hii haina pa kurudia. Nimekizamisha kwenye karai na kukipuliza, hakikutoa hata povu moja.

Mikono inacheza kidogo. Ni uzee huo huo nilioukuta kwenye shaba.

Nikwambie kitu? Miaka thelathini na moja nimeziba matundu ya watu wengine. Mtu analeta rejeta iliyooza, naiziba, anaondoka. Hii ni mara ya kwanza kutengeneza kitu kipya tangu mwanzo.

Mama yako


12 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, na ya tatu shikamoo!

Arobaini na tisa! Kadi ile ile iliyokuwa ikifika themanini na tatu, nimeikimbiza kuliko siku zote, na imekaa nyuzi arobaini na tisa saa nzima. Mwenye duka aliweka mkono juu yake akasema, "Hii haijawashwa." Nikamwonesha kioo. Tangu hapo watu wanakuja dukani kukitazama kibamba kama wanamtazama bibi harusi.

Kuna kampuni inayouza vifaa vya kompyuta. Mkubwa wao mmoja kaja, kakigeuza kibamba, kauliza kimetoka kiwanda gani. Wamekubali kunidhamini kwenye mashindano. Lakini watanipa kompyuta nne nizikimbize, kwa hiyo nahitaji vibamba vinne zaidi. Najua ni vingi. Najua pia kwamba hakuna mwingine anayeweza.

Mashindano ni tarehe ishirini mwezi wa sita. Njoo, Mama. Utakaa mbele.

Mwanao,
Kitindamimba


30 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Nilikuwa nasema kesho, na kesho ikawa mwezi.

Vibamba vitatu vimo humu. Cha nne nilikiharibu mfereji wa thelathini na nane, mkono ulirukaruka nikakata ukuta. Nimeanza kingine, nitakuja nacho mwenyewe. Tumbo limekuwa likinikaza siku hizi na chakula hakina ladha, kila kitu kama nimenyonya sarafu. Dada yako anataka nikapimwe. Nimemwambia nitapimwa mashindano yakiisha, mtu hawezi kuwa sehemu mbili.

Fundi Betri ameahidi kunitazamia karakana. Anasema nikirudi nisimringie. Nimeshona gauni, la buluu. Usinipeleke mahali pa watu wakubwa mno, utanikalisha pembeni tu nikuone.

Mama yako


9 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Sisi hapa wazima.

Mama, mbona uliondoka bila kuaga? Nilikutafuta ukumbi mzima baada ya mchuano wa mwisho. Mlinzi akasema umeshachukua teksi kwenda kituo cha mabasi. Nilidhani ulichoka na zile kelele. Najua sikupata nafasi ya kukaa nawe, watu walikuwa wengi, kila mmoja ananivuta upande wake.

Tumeshika nafasi ya kwanza! Hukuona nikipanda jukwaani. Kibamba ulichokuja nacho kwenye mfuko ndicho kilichotuvusha, vingine vyote vilipanda hadi hamsini na tano, chenyewe kikabaki arobaini na saba. Yule mkubwa wa kampuni amefurahi sana. Nilipomwambia, "Huyu ndiye mama yangu," alitaka akupe mkono, ila alikuwa na haraka. Amesema nikusalimu.

Kampuni inataka kusaini nami mkataba. Niandikie haraka.

Mwanao,
Kitindamimba


3 Septemba

Kitindamimba,

Marahaba. Nilifika salama.

Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Nilitaka kuacha, lakini umeandika uwongo, na uwongo ulioandikwa haukauki vizuri.

Masikio yangu yamekufa, macho bado. Mtu akifanya kazi miaka thelathini na moja penye nyundo na injini, hujifunza kusoma midomo bila kufundishwa. Wateja wangu wote nawasoma. Dada yako anajua, Fundi Betri anajua, ndiyo maana akitaka kunisengenya hunipa mgongo. Wewe uliondoka mapema, hukujua.

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwako, gauni langu la buluu, mfuko mkononi. Yule bwana wa tai alinitazama, akakuuliza, "Yule nani?" Nikakuona unafungua mdomo. Neno la kwanza likawa "mama." Ni neno rahisi kulisoma, midomo inakutana mara mbili. Nilifurahi, mwanangu. Nikaanza hata kutabasamu. Kisha ukamaliza: "Mama mmoja wa usafi. Nilisahau mfuko wangu, kaniletea."

Akakuuliza, "Na hivi vibamba, kweli unachonga mwenyewe?"

Ukasema, "Kwa mikono yangu hii."

Ukanijia, ukapokea mfuko, ukaniambia ahsante. Ukanipa ahsante kama mtu anavyompa mama wa usafi. Uliniangalia kwenye viatu.

Sikuondoka kwa sababu ya kelele. Mimi kelele zinanihusu nini?

Kazi ya rejeta si ya kuonea fahari, najua. Nimewahi kukupeleka shule na masizi mikononi, na niliona ulivyokuwa ukitembea hatua tatu mbele. Ulikuwa mtoto, nikasema atakua. Umekua.

Mama


20 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza habari za afya yako lakini nauliza. U hali gani? Lile tumbo?

Kila ulichoandika ni kweli. Sina la kukanusha. Nilifikiri husikii. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama, na ni mbaya kuliko nilivyodhani. Sijui hata ilitokeaje. Yule bwana alikuwa ameshaniita "msanii wa shaba" mbele ya watu wa magazeti, na nikaona nikisema ukweli watanishusha, watasema kumbe huyu ni mbeba mifuko tu. Nikasema nitarekebisha baadaye. Nilipokutafuta ulikuwa umeondoka. Nisamehe, Mama.

Kuna jambo lingine. Mkataba nilishasaini mwezi wa saba. Wanataka vibamba thelathini kabla ya mwaka kwisha, vilivyochongwa kwa mkono, na jina langu juu yake. Nimejaribu mwenyewe. Nimenunua msumeno, nimeharibu mabati ya shaba hata sijui mangapi, nimejikata vidole viwili. Mfereji wa tano tu tayari unakwenda upande kama mlevi. Sikujua ni kazi namna hii. Nilipokea vile vitano kama mtu anavyopokea chenji.

Nisaidie hivi thelathini tu, Mama. Mara moja hii. Nikishavikabidhi nitakwenda kwao niseme ukweli wote, kwa jina lako, mbele ya watu. Naapa.

Mwanao,
Kitindamimba


18 Novemba

Kitindamimba,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa dada yako, maneno ni yangu. Kalamu hainikai mkononi.

Nimelazwa siku kumi na sita. Daktari anasema damu yangu ina risasi nyingi kuliko aliyowahi kuona kwa mtu anayetembea. Ameniuliza kazi yangu, nikamwambia, akaweka kalamu chini. Moshi wa lehemu, anasema. Umekuwa ukiingia miaka yote, na mwaka huu umeingia kwa wingi. Akauliza mwaka huu nimebadilisha nini. Nikamwambia nilikuwa nafunga dirisha.

Sikuambii hivi ili ubebe mzigo usio wako. Miaka thelathini ni ya rejeta, na hiyo niliichagua mwenyewe. Miezi michache ya mwisho ndiyo yako, na hata hiyo nilitoa kwa hiari na kwa furaha. Nawe binti yangu unayeniandikia, andika hivyo hivyo, usipunguze neno. (Mimi dada yako sipunguzi. Ila nina ya kwangu, na sitayaandika kwenye barua ya Mama.)

Mikono haitarudi kama ilivyokuwa. Karakana nimemwachia Fundi Betri, amebomoa ukuta wa katikati. Kwa hiyo kuhusu vibamba thelathini, jibu unalo. Nilisoma barua yako nikafika kwenye "nisamehe," moyo ukalegea. Nikageuza karatasi nikakuta "nisaidie."

Sikuandikii ili uje.

Mama


6 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, safari ilikuwa nzuri, namshukuru kila mtu aliyenipokea.

Nimeshindwa kulisema hili nilipokuwa hapo, nikiwa nimekaa mbele yako na meza katikati. Kabla sijaja kwenu nilikwenda kwenye kampuni. Niliingia ofisini kwa yule bwana, nikamwambia vibamba vyote vitano ni kazi ya mama yangu, fundi wa rejeta, yule mwanamke wa gauni la buluu niliyemwita mtu wa usafi. Niliyasema nikiwa nimesimama, nikingoja anifukuze.

Alikuwa anasoma simu. Akasema, "Aa, sawa. Sisi tulikuwa tunaona mkono unachelewesha. Tumeshapata mashine ya kukata." Akaniuliza kama nataka kubaki kuwa sura ya tangazo. Basi. Hakushtuka, hakukasirika, hakuuliza hata jina lako. Ningemwambia siku ile ukumbini angesema sawa vilevile, angekupa mkono, tungekula pamoja jioni. Nilikukana bure, Mama. Hakuna hata mtu aliyetaka nikukane.

Nikapanda basi nikaja. Njia nzima nilijitayarisha kwa matusi. Nilisema atanifukuza, nitalala mlangoni. Nilisema atanipiga na chochote kilicho karibu. Nilitamani hivyo.

Badala yake ulinifungulia mlango ukasema, "Karibu, karibu ndani, pole na safari." Ukanikalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa. Chai ililetwa na vile vikombe vya kabatini, ambavyo tukiwa watoto tulikatazwa hata kuvipumulia. Uliniuliza habari za kazi, habari za huko, kama mvua imenyesha. Nilipoinuka kupeleka kikombe jikoni ulisema, "Acha, acha, wewe pumzika." Kikombe kiligongana na meza ulipokipokea, mkono wako ulikuwa unatetemeka hivyo, na hukukubali nikushikie.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikaa siku ya kwanza, nikakaa ya pili. Ya tatu niliamka mapema nikavaa nguo kuukuu, nikangoja. Niliona ndoo tupu uani, nikaishika. Ukatoka ukaniambia, "Aa, mgeni hachoti maji," ukamwita Dada. Niliona kuni hazijapasuliwa. Niliona bati la jikoni limelegea na ngazi iko pale pale. Nilizunguka uani kama mtu aliyepoteza kitu, mpaka Fundi Betri akachungulia akaniambia, "Nenda kakae, kijana, usiwatie watu aibu."

Nilikaa siku ya nne. Hukunipa jembe.

Ulinisindikiza hadi barabarani, ukanishukuru kwa kuja kuwaona. Mama, ningeomba unitukane. Nipe kazi yoyote. Nimeacha duka, naweza kuja wiki hii, naweza kulala karakanani kwa Fundi Betri. Nitapasua kuni, nitakufulia nguo, nitakushikia kikombe. Andika neno moja tu na nitakuja.

Mwanao,
Kitindamimba


2 Februari

Mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, tumeisoma, tumefurahi kusikia ulifika salama. Sisi hatujambo. Nakunywa dawa zangu, tumbo limetulia, mikono ni ile ile. Dada yako mzima, anakusalimu. Mvua bado.

Tunakushukuru sana kwa zile zawadi ulizotuletea, na tusamehe kwa mapungufu yoyote uliyoyaona.

Karibu tena wakati wowote. Ila ukipanga kuja, tafadhali tuarifu siku mbili kabla, ili tukutayarishie chumba.

Mama yako